Mikroni za Jinja, Mikroni za Mbale

Nilikwenda kliniki ya macho pale Jinja kutafuta miwani ya kusomea, basi. Ninashona sare za shule Mafubira, nje kidogo ya mji, katika chumba kinachotazama barabara, na miaka yote nilikuwa natunga uzi kwenye sindano huku nikiongea na mteja. Kisha ikawa lazima ninyooshe mkono, niisogeze sindano mbali, niielekeze dirishani, nilambe uzi tena, na mteja ananyamaza kwa kunionea huruma. Huruma ile ndiyo iliyonitoa nyumbani.

Daktari alinipima, akaniandikia miwani, akasema macho yangu ni mazima. Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema ana hakika. Nikamwambia mama yangu ana sukari na jicho lake la kushoto limepotea katikati, yaani akikutazama kwa jicho hilo anaona mabega yako na ukuta nyuma yako, lakini mahali pa uso pana doa. Akaniuliza kama mimi nina sukari. Sina. Akarudia kwamba macho yangu ni mazima, akaita mgonjwa mwingine.

Nilipokuwa natoka, binti mmoja aliyevaa koti jeupe juu ya hijabu akanifuata kwenye korido. Alikuwa mzaliwa wa mjini, Kiswahili chake cha nyumbani, na aliposikia changu akacheka kidogo.

"Mama, wewe ni wa kambini?"

"Nilikulia kambi ya askari magereza," nikamwambia. Kweli, baba yangu marehemu alikuwa askari magereza, mtu wa Teso aliyeletwa Jinja akiwa kijana, na kambini kila kabila lilikuja na lugha yake, kwa hiyo sisi watoto tukaishia kwenye Kiswahili.

"Una haraka?" akauliza. "Tumepata mashine ya kupiga picha nyuma ya jicho. Haigusi, haiumi, inatumia mwanga tu. Tunatafuta watu wenye macho mazima."

"Mzima anapimwa wa nini?"

"Kwa sababu jicho lake halibadiliki leo na kesho. Tukimpima mara kadhaa, mashine inatakiwa itoe jibu lile lile. Isipotoa, tunajua kuyumba ni kwa mashine, au kwetu sisi tunaoiendesha. Baadaye akija mgonjwa, tutajua tuiamini kiasi gani."

Nilikubali, zaidi kwa udadisi. Mashine ilikuwa imetumika kwingine kabla ya kuletwa kwao, na ilikuwa na mikwaruzo pembeni. Nikaweka kidevu kwenye kiegemeo chake, paji la uso likagusa mkanda, nikaambiwa nitazame alama ndogo ya kijani na nisipepese. Mstari mwekundu ukapita. Binti akapiga picha za macho yote mawili, akaniambia nisimame, nikae tena, akarudia. Kisha mwenzake, kijana mrefu asiyependa maneno, akachukua kiti chake na kufanya vile vile.

Ningetoka pale na miwani yangu, mambo yangeisha. Lakini mimi ni fundi, nikiona mtu anapima nataka kujua kapata ngapi. Nikauliza. Binti akageuza kioo cha kompyuta nione. Palikuwa na duara lenye rangi, na katikati namba. Akanieleza kwamba retina ni ngozi nyembamba ndani ya jicho, huko nyuma, ndiyo inayopokea mwanga, na ile namba ni unene wake katikati. Unahesabiwa kwa mikroni. Ukilaza nywele mbili tatu pamoja, ndio unene huo.

Jicho la kulia, picha ya kwanza: mia mbili na nane. Ya pili: mia mbili na sita. Ya kijana mrefu: mia mbili kumi na tatu.

"Mbona hazilingani?"

"Zinakaribiana sana, mama. Ukisogea kidogo, machozi yakikauka, au mimi nikilenga pembeni kidogo, namba inasogea."

"Lakini ya mwisho imepanda."

"Imepanda kidogo. Si kitu."

Nikamwambia sawa. Nikavuka barabara, nikapanda bodaboda, na kabla hatujafika Mafubira ile sawa ilikuwa imekwisha. Maana nilijua kilichomtokea mama. Daktari wa wakati ule alituambia maji yalivuja nyuma ya jicho, ngozi ikavimba, na walipogundua walikuwa wamechelewa. Kuvimba ni nini kama si namba kupanda?

Wiki zilizofuata sikutulia. Asubuhi, kabla ya kupiga mswaki, nafumba jicho moja natazama mistari ya mabati ya jirani, kisha nafumba la pili. Niliambiwa zamani, mama alipougua, kwamba mistari ikianza kupinda ndiyo dalili. Mabati yenyewe ni ya mgongo wa mawimbi. Nikahamia kwenye nondo za dirisha. Nondo ziko sawa. Nikawa natazama nondo mpaka macho yanajaa machozi, na kupitia machozi kila kitu kinapinda, basi naanza upya. Kazini nikashona mashati mawili ya watoto yenye mifuko upande wa kulia badala ya kushoto. Mama mmoja akalirudisha shati, akaliweka juu ya cherehani na kulinyoosha kwa kiganja.

Nikarudi kliniki. Binti hakushangaa sana. Akanipima tena, akaniambia: mia mbili na saba. Nilitoka nikiwa mwepesi, nikanunua ndizi, nikampigia simu mdogo wangu wa kiume aliyeko Mbale, nikamwambia niko vizuri. Nikiwa bado na simu mkononi wazo likanijia. Kama namba inaweza kupanda bila sababu, si inaweza pia kushuka bila sababu? Sasa yangu ni ipi?

Mdogo wangu naye ni askari magereza, kama baba. Tangu avae sare mimi humwita Afande, kwanza kwa utani, sasa kwa mazoea. Mama anaishi kwake, Mbale, upande wa viwandani, mahali ambapo asubuhi kunanuka pumba za mahindi na mafuta ya kupikia. Kiswahili cha Afande bado ni cha kambini kabisa.

"Dada, wewe inasumbuka bure," akaniambia. "Daktari amesema mzima, basi mzima."

"Huko kwenu kuna mashine?"

"Iko. Wakati jicho ya mama iliharibika haikuwa. Hii mpya."

"Nitakuja kumsalimia mama."

"Njoo umsalimie," akasema, "na mashine pia utaisalimia."

Nilifika alasiri, jua la magharibi likiyapiga majabali ya Wanale juu ya mji. Mama alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharage. Niliinama nikamshika mikono, akauliza habari za wateja, za mvua, za kanisa. Nikiwa nazungumza nikahisi kuna kitu hakiko mahali pake, na ilinichukua muda kukitambua. Alikuwa ananitazama sikio. Tangu jicho la kushoto lilipoharibika, desturi ya mama ilikuwa kulifumba na kukutazama sawasawa kwa la kulia, macho kwa jicho moja, hakwepeshi. Sasa hakufumba lolote. Uso ulikuwa umeelekea kwangu lakini jicho la kulia lilikuwa limetua pembeni, kwenye hereni.

"Mama, hereni yangu ina nini?"

"Nakutazama wewe."

"Nitazame usoni."

Akageuza jicho, akakunja paji, kisha likarudi sikioni lenyewe. "Hivi nakuona vizuri," akasema, kama mtu anayeeleza namna anavyopenda chai yake.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini? Maharage nachambua, chai najimiminia. Usianze."

Sikuanza. Nilikaa naye nikachambua maharage, nikiwaza kwamba doa limeingia na jicho la kulia. Afande aliporudi kutoka kazini nilimwambia nyuma ya nyumba. Akasema hakuona. Anatoka alfajiri, anarudi jioni, mama akimpa chakula anamtazama yeye au anatazama sahani, hajui. Tukakubaliana kwamba kesho twende wote watatu, na mama tumwambie ananisindikiza mimi. Haikuwa uongo. Miadi ilikuwa yangu.

Kliniki ya Mbale ilijaa watu, lakini mashine ilikuwa katika chumba kidogo chenye baridi na pazia jeusi. Daktari mwenyewe ndiye aliyeiendesha, mtu mzima mwenye sauti ya chini, aliyewahi kufanya kazi upande wa Kenya, na Kiswahili kwake hakikuwa na shida. Mashine ilikuwa mpya, ikifuata jicho yenyewe hata ukisogea. Alama ya kutazama ilikuwa ya bluu. Ikamaliza upesi. Nikauliza namba.

"La kulia, mia mbili sabini na tisa."

Afande alikuwa amesimama penye pazia, na baadaye aliniambia kwamba nilishika ukingo wa meza kama mtu aliye kwenye mtumbwi. Nilichokuwa nafikiri ni kwamba Jinja nilikuwa mia mbili na saba. Kwa muda mfupi tu jicho limevimba hivi, na huku mimi niko nashona mifuko.

"Mama, kuna nini?" daktari akauliza.

Nikamweleza, maneno yakigongana. Namba za Jinja, ile iliyopanda, ile iliyoshuka, nondo za dirisha. Aliacha nimalize.

"Huko Jinja wanatumia mashine ya aina gani?"

"Sijui. Ina mikwaruzo."

Akatoka nje, akapiga simu, nikamsikia akicheka na mtu. Aliporudi akavuta kiti akakaa karibu yangu, akageuza kioo. Palikuwa na picha ya jicho langu limekatwa kama mkate, tabaka juu ya tabaka, za kijivu na nyeupe, na katikati bonde dogo.

"Hili bonde ndipo unapoonea. Bonde lako ni zuri. Lingevimba lingejaa, lingekuwa kilima, na ungeona matundu meusi ya maji. Unaona matundu?"

"Sioni."

"Hakuna. Sasa, ili kupata unene, mashine inachora mstari juu na mstari chini, kisha inapima katikati. Juu zote zinakubaliana. Chini ndipo zinapoachana. Mashine ya Jinja ni ya zamani kidogo, inachora mstari wake hapa." Akaweka ncha ya kalamu kwenye ukanda mweupe. "Hii yangu inashuka mpaka hapa." Kalamu ikashuka. "Jicho ni lile lile. Hii inahesabu tabaka ambazo ile haihesabu."

Nilitazama ile nafasi kati ya sehemu mbili za kalamu. "Yaani wenzako wanapima koti bila bitana," nikasema, "na wewe unapima pamoja na bitana."

"Unaweza kusema hivyo. Kila mmoja yuko sahihi kwa mashine yake. Kosa ni kuchukua namba ya kule ukailinganisha na ya huku."

"Na kule kupanda na kushuka, mashine ikiwa moja?"

"Hata hii yangu inayumba, ila kidogo. Tuliwakalisha wazima hapa, wauguzi, walinzi, mimi mwenyewe, tukajipima na kujipima mpaka tukajua inayumba kiasi gani. Chini ya kiasi hicho sijali."

Nilimsikia, na nilimwamini kwa kichwa, lakini mikono ilikuwa bado inatafuta kitu cha kushika. Nadhani aliona. Akamwita Afande, akamkalisha. Afande hajawahi hata kuvaa miwani ya jua. Namba yake ikatoka mia mbili themanini na kitu.

"Haya," Afande akasema, "sisi wawili ni wanene."

Mama, ambaye muda wote alikuwa ameketi kwenye benchi na mkoba magotini, akasema, "Nami nipimeni."

Tuligeuka wote. Akasema kwamba lile jicho la kwanza lilipopotea alitazamwa kwa tochi, akatikisiwa kichwa, akaambiwa arudi baada ya muda. Hakuna aliyempa namba. "Kila mtu hapa ana namba yake," akasema. "Na mimi nataka."

Hatukuhitaji tena ule ujanja wetu. Daktari akampandisha kwenye kiti, akamshushia meza, akamwambia atazame alama ya bluu. Mama akasema haioni. Akamwambia atazame mahali anapodhani ipo. Ilichukua muda, na picha kadhaa ziliharibika. Ya mwisho ilipotokea kwenye kioo sikungoja mtu anifafanulie. Bonde halikuwepo. Palikuwa na kilima, na ndani yake matundu meusi.

Daktari aliacha kuzungumza na mimi, akazungumza na mama. Akamwambia kwamba jicho la kulia limeanza kuvimba kwa sababu ya sukari, kwamba safari hii hawajachelewa sana, na kwamba kuna dawa ya sindano inayochomwa jichoni kwenyewe baada ya kutiwa ganzi, tena na tena, mwezi kwa mwezi.

"Jichoni kwenyewe," mama akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ndiye utakayeichoma?"

"Ni mimi."

Akafikiri. "Basi unywe chai kwanza, mkono wako usitetemeke." Afande alitoka nje. Nilimkuta kwenye ua akitazama ukuta, kofia mkononi.

Baada ya sindano ya kwanza nilitaka kumchukua mama nije naye Jinja. Mimi nashinda nyumbani, Afande yuko kazini kutwa, na kliniki ya Jinja ningeweza kumfikisha kwa bodaboda. Nilikuwa nimeshapanga kitanda. Daktari alikataa, kwa upole lakini alikataa. Dawa hata Jinja ingepatikana, akasema, lakini vipimo vyake vimeanzia hapa. Nikimhamisha, namba itashuka siku ile ile kwa sababu ya mashine, na hakuna atakayejua kama ni dawa imefanya kazi. Abaki kwenye mashine moja. Mama alifurahi kubaki. Hakupenda kamwe mbu wa Jinja. Mimi ndiye niliyeanza kwenda na kurudi, mwezi kwa mwezi, nikiacha sare nusu.

Na bado sikuwa nimetulia. Afande alipopata ruhusa kazini nilimwomba aje Jinja kwa siku moja. Alijua ninachotaka. Tulikwenda kliniki, nikamtambulisha kwa binti wa hijabu, naye akamkalisha kwenye mashine yenye mikwaruzo, akiwa na sare yake yote na viatu vinavyong'aa. Namba yake ilianguka chini ya ile ya Mbale, karibu kiasi kile kile ambacho yangu ilipanda kule. Nilimwomba binti arudie. Akarudia. Afande akasema na kidevu chake bado kipo kwenye mashine, "Dada, mimi itakuja kulala hapa?"

Siku hiyo niliacha kuogopa macho yangu. Hofu yenyewe haikuondoka, ilihamia kwa mama.

Kipimo chake kilichofuata kilishuka kidogo. Nikashika mkono wa daktari nikimshukuru. Akautoa taratibu. "Huku kushuka kuko ndani ya kuyumba kwa mashine," akasema. "Siwezi kukwambia amepona. Siwezi kukwambia hajapona." Nilimchukia njia nzima ya kurudi. Ningependa aseme lolote. Nilipita Iganga sijui nimepitaje, nikihesabu mikroni zile, nikijiambia labda na yeye mama alikuwa amesogea kwenye kiti, labda machozi yalikauka, labda dawa ni maji tu. Mwezi ule niliharibu vitambaa kuliko mwaka mzima.

Mwezi uliofuata nilikaa koridoni. Sikutaka kuona kioo. Daktari akafungua mlango mwenyewe akaniita, na nikaona kwa namna alivyosimama kwamba ana la kusema.

"Sasa imeshuka," akasema. "Imeshuka mara nyingi zaidi ya ile kuyumba tuliyoiona kwa wazima. Hii si mashine. Hili ni jicho lenyewe."

Kwenye picha kilima kilikuwa kimepungua na matundu yamebaki machache. Mama alikuwa bado ameketi, kidevu juu, akingoja aambiwe aondoke.

"Mama, unaona nini?" nikamuuliza.

"Naona daktari ana mvi," akasema. "Sikujua kwamba ni mzee hivi."

Haijaisha. Sindano zinaendelea, na kuna miezi namba inakaa pale pale, na miezi inapanda ndani ya kile kiasi ambacho daktari hakijali na mimi siwezi kuacha kukijali. Juzi mama alidai kwenda Teso kuvuna karanga kwa dada yake. Tulibishana kwa simu, mimi Mafubira, yeye Mbale. Nikamwambia asubiri kipimo. Akasema karanga hazisubiri. Akaenda, kwa sharti kwamba Afande atamrudisha Mbale siku ya miadi, kwenye mashine ile ile, na si nyingine.

Amepiga simu leo asubuhi. Wameng'oa nusu ya shamba. Nikamuuliza jicho likoje, akasema liko. Nikamuuliza kama anaona uso wa dada yake akimtazama sawasawa, akasema ndiyo, na kwamba umenenepa. Nikakata simu, nikakaa kwenye cherehani, nikainuka tena kuhesabu kwenye kalenda siku zilizobaki mpaka kipimo.